Wazi, au Peke Yako

Kila usiku, kabla injini haijawaka,
mchezo huniuliza swali lile lile:
Wazi, au Peke Yako?
Vitufe viwili, rangi moja,
utadhani jibu halina uzito.

Nje ni Saskatoon, nyuzi thelathini na nne chini ya sifuri.
Magari ya mtaa wetu yamefungwa kwa waya kwenye umeme
kama mbuzi kambani,
yasije yakafa kabla ya asubuhi.
Nimetoka zamu, dobi ya hospitali,
viganja bado vinanuka klorini,
chai imeshapoa, na Kijumbamshale,
chombo changu cha miezi saba ya jasho,
kinanisubiri kwenye sayari isiyo na jina, tarakimu tu.

Mwezi wa kumi nilichagua Wazi.
Tani mia mbili za shaba tumboni,
na mtu ambaye sikuwahi kumwona
akanitoa njiani, akanivua ngao,
akanipasua. Sekunde kumi na moja.
Hakuchukua hata kipande.
Aliandika neno moja, "Pole,"
na kikatuni cha kucheka mbele yake.

Basi nikahamia upande wa pili.
Binamu yangu Shekue, aliye Calgary, akanizomea:
"Unajificha! Nyota ni za watu wote."
Nikamjibu kama tulivyolelewa:
kwa mwoga huenda kicheko,
na kwa shujaa huenda kilio.
Akanyamaza. Nikajiona nimeshinda.

Na kweli, uzuri wa huko!
Pete za barafu nilizizunguka taratibu,
majua mawili yakizama kwa zamu,
wala sikutazama nyuma.
Nikapeleka shaba, nikaleta dawa, nikatajirika.
Kila kituo kilinikaribisha kwa sauti ile ile ya mashine.
Ningeweza kupiga hodi mpaka koo likauke:
huko hakuna wa kusema karibu,
wala wa kusema ondoka.
Usiku wa arobaini nikairudia methali yangu.
Kwa mwoga huenda kicheko.
Nikatega sikio.
Kicheko cha nani?

Alhamisi iliyopita waya wa gari ulichomoka
(labda sungura, labda mimi).
Saa kumi na moja alfajiri ufunguo ukatoa mlio mmoja mkavu,
kisha kimya.
Maegesho matupu. Pumzi yangu ikiganda kwenye skafu.
Mlango wa ghorofa ya chini ukafunguka,
akatoka mzee Hnatiuk, jirani wa miaka mitatu,
tuliyewahi kuzungumza naye mara mbili,
zote kuhusu mapipa ya taka.
Pajama imechomekwa ndani ya buti,
nyaya za betri shingoni, nyoka mwekundu na nyoka mweusi.
Hakuniuliza jina.
"Washa nikikuambia," akasema.
Gari likakohoa, likaamka.
Akaingia ndani
asante yangu ikiwa bado mdomoni.

Sitaki kuligeuza hili kuwa fundisho.
Mzee huyo huyo, mwaka juzi,
aliniitia watu wa kukokota magari
kwa kuegesha pake dakika ishirini.
Ndivyo Wazi ilivyo:
mlango uliomleta huyu
ndio uliomleta na yule.

Leo swali limerudi.
Nimepakia shaba kidogo, tani ishirini,
kiasi ninachoweza kukililia bila kuugua.
Nimekata bima.
Shekue sijamwambia.
Nimebonyeza.

Dakika sita, hakuna.
Kisha kwenye rada, nukta moja, si yangu,
inageuka polepole
kunielekea.
Vidole vimekufa ganzi, na si kwa baridi.
Naandika:
Hodi.